Wiki Sita Bila Shwari

Mtu aliyekaa wiki sita bila kula majani ya Shwari hapigi watu utani. Oresta Mligo alilijua hilo vizuri, maana kwa miaka mitano kazi yake katika Kituo cha Kilimabaridi ilikuwa ni hiyo tu: kuwapokea waliomaliza mfungo, kuwapima damu, na kutia sahihi kwamba wako salama kunyweshwa Ufunguo. Alikwisha kuwaona wa kila aina. Walikuja wamekonda, macho yamewaingia ndani, wengine wamesahau hata kuchana nywele. Kuna aliyelia kwa sababu mlango ulibamizwa. Kuna mwingine, mkulima wa parachichi mwenye mabega kama mlango, aliyekaa asubuhi nzima akitazama viatu vyake na kuuliza kama ni vyake kweli.

Gaitani Kaduma aliingia saa mbili asubuhi, amevaa sweta jipya, akamwambia mlinzi wa getini kwamba kipara chake kinang'aa kuliko paneli za umeme juu ya paa.

"Shikamoo, sista Oresta."

"Marahaba, mwalimu. Umelalaje?"

"Kama gogo. Naona hata aibu kusema, wenzangu pale kwenye benchi wananitazama kama nimeiba." Akakaa, akakunja mkono wa sweta kabla hajaambiwa. "Nimehesabu, sista. Leo siku ya arobaini na mbili. Siku ya kumi niliogopa sana. Ya ishirini nikajiuliza, mbona nipo? Ya thelathini nikaanza kusahihisha madaftari ya watoto wa kidato cha pili. Unajua mimi miaka yote nilidhani bila yale majani mimi si mtu? Kumbe ni mtu."

"Ni mtu," Oresta akasema.

"Tena mzima."

Akaweka kidole kwenye kisomaji. Kile kidude kilimchoma, kikameza tone lake la damu, kikakaa kimya kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili, kisha kioo kikawaka kijani: SAFI. Oresta alimwambia anyooshe mikono. Mikono ilitulia juu ya hewa kama imewekwa mezani. Akamtazama mboni, akamsikiliza moyo, akaandika alichokiona, na kila alichokiona kilikuwa kizuri.

Hicho ndicho kilichomkera. Aliirudia fomu yake toka juu hadi chini, akakuta hakuna kisanduku cha kuandika kwamba mgonjwa yuko vizuri kupita kiasi.

*

Majani ya Shwari yalikuwa na miaka kumi na minne tangu yaruhusiwe. Walioyatengeneza walichukua sukuma wiki ya kawaida, wakaifundisha kutengeneza dawa ndani ya jani lake. Dawa hiyo huzuia ubongo usiivunje haraka ile kemikali yake ya kutuliza moyo. Mtu mwenye sonona alipewa miche kumi na miwili, akaipanda nyuma ya nyumba, akachuma majani manane kwa siku, akapika, akala. Hakuna kidonge, hakuna foleni, hakuna jirani wa kuuliza unameza nini. Ndani ya miaka michache, nyanda za juu zote zilikuwa na bustani hizo, na idadi ya watu waliojiua ilishuka kwa namna ambayo wakubwa walipenda kuitaja kwenye hotuba.

Ila majani hayaponyi. Ukiacha, giza linarudi, na mara nyingi linarudi na hasira. Ndipo ukaja Ufunguo, maji yaliyokamuliwa kwenye uyoga na kusafishwa. Mtu ananyweshwa mara moja, analala saa sita akiwa amefumba macho na mhudumu amemkalia pembeni, anaamka analia au anacheka, na wengi, si wote, hawahitaji majani tena maisha yao yote.

Tatizo lilikuwa kwamba vitu hivyo viwili havikai tumbo moja. Oresta alipowafundisha wahudumu wapya aliwaambia hivi: jani linaziba mlango wa bwawa ili maji yasitoke, Ufunguo unafungua mito yote iingie bwawani. Ukivifanya pamoja, ukuta unapasuka. Joto la mwili linapanda, jasho linatoka kama mtu kamwagiwa ndoo, misuli inakaza, meno yanagongana, kisha kifafa, kisha moyo. Kwa hiyo mfungo. Wiki sita, asubuhi na jioni, bila jani hata moja, na kila Jumamosi mtu aje kupimwa. Wiki ya tatu ndiyo mbaya. Kati ya watu waliowahi kufia kwenye orodha ya kusubiri, wengi walifia wiki ya tatu, na hakuna aliyekuwa amekunywa Ufunguo hata tone.

Waliofunga walikuwa na nafasi moja. Aliyevunja mfungo aliondolewa kwenye orodha kwa miaka minne. Kanuni hiyo ilitungwa mbali, na watu ambao bila shaka walilala vizuri.

*

Kituo kilipofunguliwa kilikuwa na jiko lake. Wataalamu walipanga kila kitu, gramu kwa gramu. Watu wa huku juu walikuja, wakakiangalia kile chakula cha kwenye sinia za chuma, wakakataa kula. Kwao mgonjwa asiyeletewa chakula kutoka nyumbani ni mtu aliyetupwa, na mama asiyebeba hotpoti kwenda kumwona mwanawe ana la kujibu kwa majirani. Baada ya mwaka mmoja wa sinia kurudi zimejaa, kituo kilisalimu amri. Jiko likageuzwa stoo. Chakula kikaruhusiwa, mradi mama au dada au mke atie sahihi kwamba hakina Shwari ndani.

Mama yake Gaitani, Bi Skolastika, alikuwa ametia sahihi yake kwa herufi kubwa zilizonyooka. Oresta alimkuta kwenye chumba cha kungojea akifungua kitenge alichofungia hotpoti. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga mashuka mawili kwa baridi. Gaitani alikuwa amekwenda kubadili nguo. Wangemwita saa tano, na kabla ya hapo aliruhusiwa kula kidogo. Sahani yake tupu ilikuwa tayari pale kwenye kigoda.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Huyu ameshakula, mashallah, kama mtu aliyetoka shamba." Kwamba yeye ni Mkatoliki wa kila Jumapili hakukumzuia kuazima neno zuri pale alipolipenda. "Karibu na wewe. Bado cha moto."

Kumkatalia mama wa watu tonge asubuhi ni kumwambia hujui alikonawia mikono. Oresta akanawa, akakata ugali wa ulezi, akachovya kwenye mboga ya karanga. Ilikuwa tamu. Karanga zilisagwa laini, chumvi ilikaa mahali pake. Akameza. Kisha kwenye shina la ulimi, pale ambapo ladha nyingine zote zimekwisha kuondoka, ukabaki uchungu mdogo, na baada ya uchungu, ganzi.

Alikula Shwari miaka mitatu baada ya mumewe Valeriani kufa. Aliijua ganzi hiyo kama mtu anavyojua sauti ya mkwe wake.

Alikata tonge la pili, akalichovya kwa utaratibu, akaisambaza mboga kwa kidole pembeni ya sahani. Ndani ya karanga kulikuwa na vipande vyeusi vilivyojikunja, vidogo kama majani ya chai. Mboga iliyokaushwa. Huku juu kila mwanamke hukausha: masika majani yanapozidi, unayachemsha kidogo, unayaanika juu ya jiwe siku tatu, unayatia kwenye kibuyu au ndoo, na kiangazi unakula kama mfalme. Oresta mwenyewe alikuwa na ndoo mbili za majani ya kunde nyumbani kwake.

Akakikumbuka kile kioo cha kijani: SAFI.

Kisomaji hakitafuti dawa. Dawa ya Shwari ni ndogo mno na inajificha upesi, ndiyo maana waliolitengeneza jani walitia ndani yake alama, kitu kisicho na madhara kinachokaa kwenye damu siku saba, ili mashine iwe na cha kukamata. Waliijaribu alama hiyo kwa majani mabichi, kwa majani ya kwenye friji, kwa majani yaliyochemshwa saa nzima. Walikuwa watu wa mjini, na mboga kwao ni kitu kinachotoka sokoni kikiwa kibichi. Hakuna aliyefikiria kuuliza jua la siku tatu linaifanya nini alama. Oresta naye, aliyezaliwa huku, aliyekausha mboga toka akiwa na miaka saba, hakuwahi kufikiria. Alikuwa anakijua kitu hicho mkononi, na hajawahi kukipeleka kichwani.

"Mama," akasema, "njoo unisaidie kuosha vyombo."

*

Karo la kuoshea lilikuwa nje, nyuma ya stoo. Bi Skolastika alielewa kabla hawajafika. Alisimama na hotpoti mkononi, akamtazama Oresta usoni bila kupepesa.

"Umeonja."

"Nimeonja. Toka lini?"

"Toka siku ya tano." Alisema hivyo kama mtu anayetaja tarehe ya kuzaliwa. "Siku nne za kwanza niliwatii. Siku ya nne jioni alikaa mlangoni, akaniambia, mama, usinisubiri kula. Mimi nilishamkuta stoo ya nyumbani mara moja, sista. Nilimshusha kwenye kamba kwa mikono hii peke yangu. Uliwahi kumbeba mwanao mtu mzima, hujui kama unabeba mtu au maiti? Basi. Nikaenda kwenye ndoo."

"Uliapa kwa sahihi yako."

"Niliapa. Na nimeungama kwa padri. Padri ameniambia nije niseme, nikamwambia nitasema." Akavuta shuka. "Sikujua kama itaudanganya huo mtambo wenu. Kila Jumamosi nilimsindikiza hapa roho mkononi, nikijua leo watanikamata. Mtambo unasema safi. Nikasema labda Mungu ameona."

Oresta alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe haikujua pa kutua. "Mama, leo saa tano angekunywa Ufunguo juu ya majani uliyompa saa moja iliyopita. Angekufa. Unanisikia? Au asingekufa, angebaki amekakamaa kitandani hajui jina lake. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa ni hatari. Kila kitu chenu ni hatari. Kuacha majani hatari, kula majani hatari. Mimi nilichukua ile hatari ninayoijua." Akaiweka hotpoti kwenye ukingo wa karo. "Nilidhani kama mtambo unasema safi, basi kukausha kumeipunguza nguvu. Nilidhani imebaki kidogo tu, ya kumshika."

Mtu alipita na toroli la mashuka.

"Usimwambie," Bi Skolastika akasema. "Sijiombei mimi, mimi nifungeni. Lakini umemwona alivyo? Anajua ameshinda. Hajawahi kushinda kitu toka baba yake afe. Ukimwambia, unamchukulia hicho, na hatakula tena kutoka mkononi mwangu. Sasa atakula kwa nani?"

*

Dakta Byabato, mganga mkuu wa kituo, alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alimsikiliza Oresta mpaka mwisho akiwa anazungusha kalamu, kisha akainuka, akafunga mlango.

"Mashine imesema safi," akasema.

"Mashine inatafuta alama. Alama imekufa juani."

"Una hakika gani?"

"Nimeonja."

"Oresta, nikikataa kumtibu mtu kwa sababu ya ulimi wako, nitaandika nini?"

"Andika hivyo hivyo. Ulimi wa Oresta Mligo."

Hakucheka, lakini alikaa. Alikuwa anaamini, hilo lilionekana. Mtu asiyeamini angebishana zaidi. Alitazama dirishani, kwenye mistari ya chai inayoshuka bondeni, akafikiri kwa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Kwanza, leo hanywi. Hilo limekwisha. Pili, tukiandika amevunja mfungo, anaondolewa miaka minne, na hakuvunja yeye. Tatu, mama wa watu anashitakiwa. Sasa sikiliza. Tunasema kisomaji kimeharibika. Tunamwambia mwalimu arudi baada ya wiki sita. Mama anaacha, safari hii kweli, wewe unakwenda kumtembelea. Nafasi yake inabaki. Furaha yake inabaki. Hakuna aliyekufa."

Lilikuwa pendekezo zuri. Oresta alilisikia likimwingia na kumkalia vizuri, na akalichunguza kwa sababu hiyo hiyo.

"Ataanza mfungo wa kwanza akidhani ni wa pili," akasema.

"Ndiyo."

"Ikifika wiki ya tatu, giza likimshukia, hatajua kwamba ni majani yanayotoka mwilini. Anajua alishakaa wiki sita akacheka. Atasema ni yeye. Atasema nimeharibika, safari hii ni mimi mwenyewe. Na hatatuambia, kwa sababu ameshatuambia yeye ni mzima." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Wewe unaijua wiki ya tatu, dakta. Tutakuwa tumemtayarishia wenyewe."

Byabato aliweka kalamu chini.

"Na kuna lingine," Oresta akaendelea, kwa kuwa akinyamaza hapo asingelisema tena. "Perpetua Nyagawa."

Hakuna aliyelitaja jina hilo kituoni kwa miezi kumi na moja. Perpetua alikuwa mchuma chai wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wanne. Alikuja mwishoni mwa kiangazi. Damu yake ilisoma SAFI, na aliyetia sahihi alikuwa Oresta. Dakika arobaini baada ya kunywa alianza kutoka jasho. Joto lilipofika nyuzi arobaini na mbili walimlaza kwenye barafu, wakamchoma kila walichokuwa nacho, na saa nane mchana akafa. Tume ilikuja, ikakaa siku mbili, ikaandika kwamba moyo wake ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo.

"Alikuja kiangazi," Oresta akasema. "Kiangazi huku watu wanakula nini?"

"Huwezi kujua."

"Nitamwuliza mumewe. Labda alikula bila kujua ni mboga gani iliyo kwenye ndoo, hakuna anayeandika jina juu ya ndoo. Lakini dakta, leo kuna watu saba wapo kwenye mfungo hapa kwetu tu. Vituo vingine sijui wangapi. Tukisema kisomaji kiliharibika, watakileta kipya, na kipya kitasema safi vilevile."

"Ukiandika hilo, unaandika na sahihi yako ya mwaka jana."

"Najua."

"Wataanza na wewe."

"Waanze."

Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka, na yuko mbali na nyumbani, na imeshapita miezi kumi na moja. Alimtaka Perpetua radhi moyoni, akaona haitoshi, akaenda kumtafuta Gaitani.

*

Gaitani alikuwa amelala tayari kwenye chumba cha tatu, ndani ya gauni la kijivu, mikono kifuani, anasubiri. Alipomwona Oresta ameingia na mama yake nyuma, na hakuna aliyebeba kikombe, akainuka akakaa.

Oresta alivuta kiti. Kwa miaka mitano alikuwa amewapa watu habari mbaya kwa kuanzia mbali, na kila mara aliona wanavyoteseka njiani. Akaamua kuanzia mwisho.

"Mwalimu, leo hutakunywa. Umekuwa ukila Shwari toka siku ya tano ya mfungo. Ilikuwa imekaushwa, ndiyo maana kisomaji hakikuiona. Hukujua. Mama ndiye aliyekuwa anatia kwenye mboga."

Gaitani alimtazama, kisha akamtazama mama yake. Bi Skolastika alikuwa amesimama karibu na ukuta, bila kuuegemea.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku," mama yake akasema.

"Jumapili?"

"Na Jumapili."

"Na leo asubuhi."

"Na leo."

Uso wake ulifanya kitu ambacho Oresta hakutaka kukiona, lakini alijilazimisha kutazama, kwa sababu ndiye aliyekileta. Haukukunjamana. Ulizimika tu, taratibu, kuanzia machoni kwenda chini, kama nyumba ambayo watu wanatoka chumba kimoja kimoja na kuzima taa. Sweta jipya lilikuwa limekunjwa vizuri kwenye kiti. Alilitazama.

"Basi sikupona," akasema.

"Hukuwa umeacha dawa. Ulikuwa mgonjwa anayetumia dawa, na dawa inafanya kazi. Hilo si dogo, mwalimu."

"Sista, naomba usinifariji. Mimi nafundisha hesabu. Nikikuta mtoto amepata jibu sahihi kwa kunakili, nampa sifuri." Alicheka kidogo, bila mbavu za kucheka. "Niliwaambia wanafunzi wangu. Niliwaambia mwalimu wenu alikuwa anaumwa na sasa anajishika mwenyewe. Walipiga makofi."

Oresta alimwonea huruma, huruma nzito ya kawaida isiyo na la kufanya. Alijua pia kwamba asingetoka chumbani humo hata kama kituo kingewaka moto, na akakisogeza kiti chake karibu zaidi na kitanda.

"Ungeninywesha bila kujua?" Gaitani akamwuliza.

"Ningekunywesha. Mashine ilisema safi. Nilikuwa nimeshashika kalamu."

"Ningekufa?"

"Nadhani. Kuna aliyekufa."

Akaitikia kwa kichwa, akaliweka hilo mahali fulani ndani yake pa kwenda kulishughulikia baadaye. "Na orodha?"

"Kanuni inasema miaka minne. Nitaandika kwamba hukuvunja wewe. Sijui kama watanisikiliza."

"Usiniahidi."

"Sikuahidi."

Ndipo akamgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ningekataa, halafu tungegombana, halafu ungekwenda kwa sista ukasema mwanangu siku ya nne hakutaka kula, na sista angejua la kufanya. Kazi yake ni hiyo! Wao wananiambia niache, wewe unanitilia. Mimi niko wapi hapo? Mimi ni sufuria?"

"Nilikukuta stoo," Bi Skolastika akasema, polepole sana. "Wewe hukujikuta. Mimi ndiye niliyekukuta. Bado nakukuta kila siku nikifungua ule mlango kuchukua unga. Ninaogopa, Gaitani. Naogopa nikiwa nafagia, naogopa nikiwa kanisani. Ningekuuliza nikiwa na hali gani?"

Hakuwahi kumwambia hivyo. Hilo lilionekana kwa wote wawili, kwa namna walivyotazamana, kama watu waliokutana njiani na kila mmoja alidhani mwenzake yuko safarini. Gaitani alishusha miguu chini. Sakafu ilikuwa ya baridi, na alivikunja vidole vyake.

"Hata mimi naogopa," akasema.

Oresta alitazama karatasi zake, akasoma mstari mmoja mara nne. Nje wahudumu walikuwa wanamwita mgonjwa wa chumba cha pili kwa jina, na yeye akainuka hadi mlangoni, akawaambia leo hakuna anayekunywa, wote warudishwe vyumbani, akarudi akakaa. Jua liliingia dirishani likafika kwenye kitanda.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Mchana unapika nini?"

Bi Skolastika alimtazama Oresta, kana kwamba jibu lilikuwa kwake. Oresta hakuinua macho. Alikuwa na jibu, la kidaktari, limenyooka, na alikuwa tayari kulisema kama ingebidi, lakini alilishikilia kwa nguvu zake zote.

"Utakachosema," mama yake akajibu.

Gaitani alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, na kwa uzito, kama mtu anayeombwa sahihi kwa mara ya kwanza katika mambo yanayomhusu.

"Pika mboga," akasema mwishowe. "Tia majani. Ila usitie kabla sijakaa pale jikoni. Nataka nikuone ukitia."

"Nitie kiasi gani?"

Alilichukua sweta kwenye kiti, akalivaa juu ya lile gauni la kijivu, akatafuta mkono wa kushoto ulikopotelea ndani.

"Kile kile ulichokuwa ukitia," akasema.